Kiwiko Dirishani

Ubelgiji nzima haijaona mtu wa kukimbiza gari kama Papa Éliézer. Usibishe. Kasema mwenyewe, miaka thelathini mfululizo, kwenye misiba, kwenye ubatizo, na kwa kinyozi wake, ambaye sasa anaweza kuisimulia hadithi yote bila kusimamisha mkasi.

Ni hivi. Mwaka sabini na tano, Tanga, Tanzania, Waitaliano walikuja kupiga filamu ya wezi wa benki. Shujaa wa filamu ni dereva wa kuwatorosha. Wote wamevaa soksi usoni, macho tu nje. Na nani huyo dereva? Kijana wa Uvira, Kongo, aliyekuja Tanga kutafuta kazi, umri miaka ishirini na mmoja: Éliézer.

Ushahidi upo, picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Gari limepigwa picha kutoka ubavuni. Kiwiko cha kushoto kiko nje ya dirisha, soksi imepandishwa hadi kwenye paji la uso, tabasamu limejaa meno. Kando yake, ndani zaidi katika giza la gari, unaonekana mkono wa mtu mwingine, wenye saa, umenyooshwa mbele.

"Huyo ni mwizi, abiria tu," Papa Éliézer husema. "Kajishikilia kwa kuogopa mbio zangu."

Wakongo waliitazama picha hiyo wakatikisa kichwa kwa heshima. Warundi nao. Wabelgiji nao. Watanzania hawakupata bahati hiyo, maana kwenye sherehe zao Papa Éliézer haendi. Anadai iliki ya pilau yao inamkoroga tumbo. Na ukimuuliza mbona hapa Brussels hana gari, mbona kila siku yuko kwenye tramu, atakujibu kwamba barabara za huku ni za kubebea mayai.

Maisha yalikuwa matamu hivyo mpaka filamu yenyewe, iliyodhaniwa imepotea, ilipopatikana kwenye stoo ya marehemu mmoja huko Italia. Ikatangazwa kwamba itaonyeshwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi mmoja pale Flagey. Waandaaji wakasema majina yote ya waigizaji wakuu wanayo, isipokuwa la dereva.

Aliyewaandikia ni Agape, mjukuu wake wa miaka kumi na saba. Shuleni kwake, Auderghem, Kelly na wenzake walikuwa wamempachika jina la Mwongo kwa sababu ya hadithi za babu huyu, na alikuwa amelia vya kutosha. Aliwatumia picha. Jumapili ilipofika, karatasi zilizogawiwa mlangoni zilikuwa na jina la dereva: Éliézer. Na picha ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kama mlango, imetundikwa ukutani.

Papa Éliézer alisimama chini ya kiwiko chake, jasho likimtiririka mgongoni.

"Pépé, uko unatetemeka juu ya nini?" Agape alimuuliza babu yake. "Bon, filamu ikiisha, utapanda kule mbele, utasema maneno mbili, tatu. Kelly na bale bengine bote banakuya. Leo batanyamaza."

"Turudi kwetu. Tumbo inauma."

"Na hapa hakuna hata pilau!"

Agape alicheka peke yake. Mzee alikuwa akijituliza kwa jambo moja tu: katika filamu ile dereva havui soksi, mwanzo mpaka mwisho. Macho mawili. Nani atayajua baada ya miaka hamsini?

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja wa miaka sitini hivi, kajitanda mtandio wa kijani, karatasi mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Papa Éliézer aliitikia, akirudi nyuma hatua moja. Kiswahili kile kilikuwa kimenyooka, na alijua kimenyookea wapi.

"Naitwa Zaituni. Nimetoka Antwerp kwa treni, nikateremka kituo cha Midi, nikapotea, nikasema basi, filamu nimeikosa. Ndiwe dereva?"

"Ni yeye, maman!" Agape alidakia. "Ni pépé yangu!"

Bi Zaituni aliitazama picha polepole, kama mtu anayeitazama nyumba aliyozaliwa.

"Picha za siku hizi zinageuzwa," alisema. "Kushoto kunakuwa kulia."

Papa Éliézer alifungua mdomo. Alikuwa karibu kulikumbatia neno hilo kama ndugu aliyepotea. Lakini Agape alimwahi.

"Iyi haiko ya kugeuza, maman! Angalia kibao ya duka, kule nyuma. Maandiko yote iko sawa, unaisoma vizuri!"

"Kweli," alisema Bi Zaituni. "Haikugeuzwa."

Kelly na wenzake walikuwa wamefika, simu juu, wanarekodi. Bi Zaituni alinyoosha kidole. Akakipita kiwiko, akalipita tabasamu, akagusa ule mkono wa gizani.

"Na huyu ni nani?"

Papa Éliézer alimtazama mjukuu wake. Msichana alikuwa anang'aa. Hakuwahi kumwona anang'aa hivyo.

"Huyo?" alisema. "Abiria tu."

"Abiria."

Bi Zaituni alikunja mkono wa gauni lake. Kwenye kifundo chake cha mkono ilikuwapo saa kuukuu ya kiume, ileile ya pichani, mkanda umetobolewa matundu mapya ili umkae.

"Hii ni ya marehemu kaka yangu, Zuberi. Nimekuja kumwona." Kisha akamgeukia Agape, si mzee, na sauti yake ikawa ya upole kabisa. "Kwetu Tanga, mwanangu, usukani uko kulia."