Bangili ya Tunu

Sheria ilikuwa moja: bangili ya mtoto mwenye mzio wa karanga ikilia, kila anayekula karibu naye afunge virago. Basi tangu Sikudhani na bintiye Tunu watoke Dodoma kwenda likizo kwa bibi, hawakukuta mtu katika mgahawa hata mmoja. Walikuta chai ikifuka mvuke, chapati zilizoumwa nusu, na viti vyenye joto la waliokimbia.

Katika mgahawa wa Singida, Sikudhani alifungua hotipoti la wali walioubeba kutoka nyumbani.

"Mama, kwani watu wanakula saa ngapi?"

"Wameshakula, mwanangu. Nawa mikono."

Tunu akanawa, akaketi, akavigeukia vile viti vitupu.

"Karibuni," akasema kwa adabu, kama alivyofundishwa.

Kisha akasubiri, asiguse tonge.