Aliyeoa Mlima

Ahmadi alikuwa amejibanza nyuma ya banda la kuku, viatu vyake vya ofisini vimezama topeni, akimsubiri mwanamke asiye mke wake.

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa barazani kwa baba yake, Mzee Maneno, akiwakaribisha wazee. Aliyesubiriwa ni Chausiku, binti wa marehemu dada yake huyo mzee, aliyelelewa hapo hapo Kinole kwa mjomba wake. Mwaka jana tu huyo Chausiku ndiye aliyekuwa mchumba wa Ahmadi, kwa siri. Akifungua mdomo leo mbele ya baba mkwe, kwisha habari.

Na habari yenyewe ilikuwa kubwa. Ahmadi alitoka Kigoma na shahada yake, akapata kazi Morogoro mjini katika kampuni ya uwekezaji, ile aina ya kampuni ambayo hata mlinzi wa getini anafunga tai. Alichokitaka duniani ni kiti cha meneja wa kanda. Bosi wake, Bi Martina, alishatamka kwamba kiti hicho ni cha yule atakayeleta ridhaa ya kujenga hoteli kwenye mteremko wa Mzee Maneno, pale ambapo ukichomeka kijiti cha mdalasini asubuhi, jioni unapumzika kivulini mwake. Patrick, mshindani wake, alipanda mlima ule hadi bodaboda wakamzoea, na kila safari alirudi na machungwa tu. Mzee Maneno haongei ardhi na mtu wa kuja.

Ahmadi akaona dawa ni kuacha kuwa mtu wa kuja. Akaanza na Chausiku. Walipendana, au tuseme alipendwa. Halafu akaja kujua kwamba mzee ana mtoto wa kumzaa, tena wa pekee, anasomea ualimu mjini. Mapenzi yakahama nyumba bila kuaga. Ramadhani ilipokwisha, Ahmadi akamuoa Mwanahawa, na Chausiku akawapikia pilau la harusi.

Ahmadi hakumweleza mkewe shida yake, asije akanusa. Alimuuliza tu kwa utani, kama ardhi ile ingekuwa yake, angewapa watu wa hoteli? Mwanahawa alicheka sana. Akasema ingekuwa yake angewapa na mawingu ya juu. Usiku ule Ahmadi alilala usingizi wa meneja.

Sasa mzee anakwenda Hija. Kabla ya safari amewaita wazee wa ukoo ili akabidhi ardhi mbele yao, na mjini bodi inakaa mchana huu huu kumchagua meneja. Asubuhi Bi Martina alikuwa amempigia Ahmadi na kumwambia taratibu kabisa kwamba akiidanganya bodi, asirudi ofisini hata kuchukua mwavuli wake.

Chausiku akatokea jikoni na kifuu cha nazi mkononi.

"Leo usiniharibie," Ahmadi akamnong'oneza.

"Nikuharibie nini, shemeji? Hata wali haujaiva."

"Unajua ninachosema. Nikipata cheo sitakusahau."

Chausiku akamtazama viatu, kisha uso. "Mimi leo sisemi kitu mpaka niulizwe. Nenda kakae, unachafuka."

Barazani, wazee walikuwa wamejipanga mkekani. Ahmadi akaketi karibu na nguzo, pale mtandao unaposhika, simu imefichwa chini ya kanzu. Ilitetemeka. Bi Martina anauliza: imekuwaje, maana Patrick amesimama anaomba kuzungumza.

Mzee Maneno alikuwa haendi haraka. Aliwasalimia wakubwa, akapokea shikamoo za wadogo, akaomba dua, akakohoa, akaulizia kahawa. Simu ikatetemeka tena. Jasho la Ahmadi likateremka mgongoni kama lina mahali pa kuwahi. Mlangoni, Chausiku alikuwa amesimama anafuta mikono kwenye khanga, akimwangalia yeye tu.

"Mwanahawa, mwanangu," mzee akaita, "njoo ukae kulia kwangu."

Mwanahawa akaenda, akakaa. Mzee akamwekea mkono begani.

"Wazee, huyu ndiye mtoto wangu. Sina mwingine. Nimemlea, nimemsomesha, nimemwoza. Leo nataka mbele yenu asiwe na kinyongo na mimi."

Ahmadi hakusubiri zaidi. Kidole kikapita chini ya kanzu: Tayari bosi, ardhi ni yetu. Jibu likarudi kabla hajashusha pumzi: Nimewatangazia. Hongera, Meneja.

Akainua uso akitabasamu. Chausiku naye alikuwa anatabasamu, na hapo ndipo Ahmadi alipoanza kuhisi baridi ya mlima.

"Kinyongo cha nini, baba?" Mwanahawa alikuwa anasema. "Kwa mila zetu, mimi ni wa ukoo wa mama. Kwetu ni Mgeta, kwa wajomba zangu. Nani asiyejua?"

Wazee wakacheka, wakaitikia. Mzee Maneno akaitikia pia, akageukia mlangoni.

"Ardhi hii niliachiwa na mama yangu, naye aliachiwa na mama yake. Mimi nilikuwa mlinzi tu. Inarudi kwa mtoto wa dada yangu. Chausiku, mama, njoo ukae."

Chausiku akakaa mahali pa mjomba wake, akatengeneza khanga, akamtafuta Ahmadi kwa macho mpaka akamwona pale nguzoni.

"Haya, shemeji," akasema. "Nasikia una shida na ardhi yangu."