Mkwe Mwenye Jina la Mungu

Kijana alikuwa amesimama katikati ya jiko, viatu mkononi.

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameamka usingizi wa mchana, alimtazama miguu kwanza. Soksi safi. Moyo wake ukatulia. Bintiye alikuwa ameahidi kumleta mchumba siku hiyo, na huyu, badala ya kuvamia sebule ya watu kwa kishindo, alikuwa amevua viatu na kupita mlango wa nyuma kama mtoto wa nyumbani.

"Umewahi," alisema Mwalimu. "Mwenzako yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi una moyo. Pita sebuleni."

Mwalimu alikuwa amefundisha maandiko chuoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na katika yote aliyofundisha, kitu kimoja kilimganda kama kupe: El, neno la kale la Wasemiti lenye maana ya Mungu. Kwake yeye, mtu asiye na El jinani alikuwa nyumba isiyo na paa. Daktari mmoja aliyekuja kuposa alirudishwa kwa sababu jina lake lilimaanisha "aliyezaliwa njiani". Mhasibu naye alitolewa nje kwa kosa la kuitwa Oktoba. Binti alilia; mama yake akanuna, na kununa kwenyewe hakujaisha. Safari hii binti alikataa katakata kulitaja jina la mchumba. "Utamwona mtu kwanza," alisema.

"Mama hayupo?" aliuliza kijana, macho yakizunguka sebule.

"Ameenda sokoni. Tuko wawili tu, tuzungumze kiume. Unaitwa nani?"

Kijana alisita. "Eliezeri."

Mwalimu alishika mkono wa kiti. "Rudia."

"Eliezeri, mzee. Nyumbani wananiita Eli tu."

"Wanamwita Mungu na hawajui. Eli, Mungu wangu, ezeri, msaada. Sikiliza, mwanangu. Mikaeli, Danieli, Samweli, wote hao wamemweka Mungu mkiani. Wewe umemtanguliza."

Kijana alikuna kichwa. "Mtaani kwetu kina Danieli wamejaa. Karibu wote wako ndani."

"Ndani ya kanisa?"

"Ndani, mzee. Jela."

"Na Danieli maana yake ni Mungu ndiye hakimu wangu."

"Basi huyo hakimu hana dogo."

Mwalimu alicheka hadi machozi. Hakuwa amewahi kumsikia mtu akimtania Mungu kwa adabu namna ile.

"Tena Eliezeri, wafasiri wa kale wanasema, ndiye yule mtumishi aliyetumwa ugenini kutafuta mke wa mtoto wa bwana wake." Akainama mbele, akashusha sauti. "Najua kilichokuleta."

Kijana aliangalia mlango.

"Usiogope. Umefuata kitu cha thamani kuliko vyote humu ndani, nami sikuzuii. Nimezuia mno, mpaka nimekuwa adui katika nyumba yangu mwenyewe. Chukua."

"Mzee... hivi hivi?"

"Hivi hivi. Jina lako limetosha."

"Mungu akubariki," alisema kijana, na Mwalimu aliona wazi kwamba neno lile lilitoka moyoni.

Mwalimu aliingia chumbani kutafuta shati la heshima. Alifunga vifungo huku akipiga mluzi, jambo ambalo mkewe asingeliamini. Kutoka sebuleni alisikia meza ikisogezwa, akatabasamu: mchapakazi huyo, anapanga viti kabla wageni hawajafika. Mbele ya kioo alijizoeza maneno ya kumwomba bintiye radhi, kwanza kwa ajili ya daktari, kisha kwa ajili ya Oktoba. Hakuwa amejisikia mwepesi hivyo kwa miaka.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mwalimu akatoka, mikono ameitanua. Bintiye aliingia akihema, na nyuma yake kijana mrefu mwenye tai, akipangusa vumbi viganjani.

"Samahani baba, tumechelewa," alisema binti. "Tulikuwa tunamsaidia fundi wako kupakia televisheni."