Foleni ya Mashine ya Unga

Lukindo hakuwa na brashi, hakuwa na rangi wala meza ya kuchorea. Zaidi ya yote hakuwa na moyo wa kuchora, tangu watu walipoucheka ubao aliouchorea hoteli moja, wakasema kuku wake anafanana na kiatu. Sasa hospitali ilikuwa ikitafuta mchoraji wa kupamba wodi ya watoto. Kila mwombaji atume mchoro mmoja kwa posta, na mwisho ulikuwa leo. Lukindo hakuchora kitu. Alikwenda kusaga mahindi.

Foleni ilikuwa ndefu. Kwa kuchoka tu, aliokota kipande cha mkaa, akachana mfuko mtupu wa saruji uliotupwa hapo, akaanza kumchora Mama Nakunda, aliyesinzia juu ya ndoo yake mdomo wazi.

Wanawake walichungulia, wakaangua kicheko. Mkono wa Lukindo ukasita.

Mama Nakunda alizinduka, akaunyakua mchoro. “Ndiyo pua yangu hii?”

“Nisamehe, mama.”

“Nikusamehe nini? Hii ni pua ya marehemu baba! Sijaiona tangu tumzike.” Akawageukia wenzake. “Nyamazeni, mnamtikisa fundi. Haya, mwanangu, nitie na hereni.”

Alimtia hereni. Mama akaukunja mchoro, akaufunga katika pindo la khanga. Ndipo Lukindo akachana karatasi nyingine, akaichora foleni nzima, kila mtu akigombea kukaa mbele.

Zamu yake ilipofika, aliwaachia wale wanawake mahindi yake, akakimbilia posta. Akautia mchoro katika bahasha, akailamba gundi, akaibonyeza kwa kiganja. Bahasha ikatumbukia sandukuni ikiwa na alama nyeusi za vidole vitano mgongoni.