Bili Iliyolipwa Mara Nne

“Mara nne?” Jairus aliuliza. “Bili moja, mwezi mmoja, mara nne?”

Jalia, binti wa Kampala aliyekaa nyuma ya kaunta ya ofisi ya umeme na maji ya Dubai, aligeuza skrini ili mzee ajionee mwenyewe. Kila tarehe mosi benki ilikuwa imekata pesa za umeme na maji ya nyumba yao ya mtaa wa Al Mankhool. Haikukosa hata mwezi mmoja. Lakini tangu Oktoba kulikuwa na mtu aliyeilipa tena bili hiyo hiyo kwa noti, kwenye mashine. Novemba mara mbili. Januari mara tatu. Februari mara nne.

“Pesa hazijapotea, mzee,” Jalia alisema. “Zimelimbikana kwenye akaunti yenu. Zinatosha umeme wa miezi mingi. Nataka tu kujua ni nani anayelipa.”

Jairus alimgeukia mkewe. Metrine alikuwa ameketi kando yake, mkoba mapajani, macho chini.

“Mama Rogers, ni wewe?”

Metrine aliifunga zipu ya mkoba wake, akaifungua tena.

“Ni mimi,” alisema.

“Unamwona, binti yangu?” Jairus alimwambia Jalia. “Haamini kitu ambacho hajakishika mkononi. Ile fomu ya benki niliisaini mimi, na kila neno la Kiingereza nililisoma. Nilisoma shule ya usiku, Kakamega, mchana nikibeba magunia. Nikamweleza huyu: benki itakata yenyewe, wewe tulia. Hakutulia!”

“Malipo yote yalifanywa kwenye mashine ya Al Ras,” Jalia alisema taratibu. “Saa saba mchana.”

Al Ras ndiko lilikokuwa bohari la viungo ambalo Jairus alikuwa ameshika funguo zake kwa miaka kumi na tisa.

“Huwa ninampelekea chakula kazini,” Metrine alidakia. “Nikitoka hapo ndipo ninalipa.”

“Na hicho chakula chenyewe siku nyingine anasahau kuleta,” Jairus alisema. “Nashinda njaa kama mfungwa.”

“Nisamehe, Baba Rogers.”

Alisema kwa upole mno, na upole huo ukamwondolea Jairus hasira. Palibaki woga. Alikumbuka jiko walilolikuta likiwaka juzi, halina hata sufuria juu yake. Metrine alisema ni yeye aliyesahau kulizima. Alikumbuka funguo za nyumba zilizopatikana ndani ya friji. Hapo pia Metrine aliomba radhi.

“Wewe ni mgonjwa, mke wangu,” alisema, na sauti yake ikashuka. “Nilikuwa sitaki kuliona jambo hili.”

Metrine aliitikia kwa kichwa.

“Nitakukatia tiketi. Utakaa Bungoma kwa dada yako, akuangalie.”

“Peke yangu nitapotea, hata uwanja wa ndege sitautoka. Turudi wote.”

“Na kazi?”

Hilo ndilo lililokuwa limewashinda watu wote. Mwaka mzima Metrine alikuwa amemsihi waondoke Dubai. Mwana wao Rogers alimpigia simu kila Jumapili kumbembeleza. Hata Yaqoub, arbab wake, yaani tajiri mwenye bohari, alimwita ofisini mara mbili, akampa chai, akamwambia amefanya kazi ya kutosha, achukue kiinua mgongo chake akapumzike. Jairus alikataa kata kata. Mtu aliyejisomesha mwenyewe, alisema, haachi kazi kwa sababu ya mvi.

“Nani atanikumbusha dawa?” Metrine aliuliza. “Nani atanisomea barua? Dada yangu ana mambo yake. Mimi nakutaka wewe.”

Jairus alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Aliendelea kuifuta hata mteja wa nyuma akaanza kukohoa.

“Khalas, basi,” alisema mwishowe. “Kesho nitamwambia arbab. Nitakupeleka mimi, na nitakutunza mimi. Mwanamume hamtupi mke wake kwa kuwa anasahau.”

Mabega ya Metrine yakatikisika. Jalia alisukuma boksi la tishu juu ya kaunta.

“Usilie,” Jairus alimwambia mkewe, akampangusa shavu kwa kidole gumba. “Si kosa lako. Hakuna anayekulaumu.”

Jalia alichapisha fomu ya kufunga akaunti. Alieleza kwamba wakishahama, makato ya benki yatasimama na pesa zote zilizozidi watarudishiwa, inshallah. Jairus alisaini kwa mwandiko wa madaha, kisha akaisogeza karatasi ili msichana auone vizuri.

“Unaiona hati hiyo? Mimi nilisoma shule ya usiku, binti yangu. Kakamega. Mchana nikibeba magunia.”

Jalia alifungua mdomo. Metrine alimtazama, akatikisa kichwa kidogo.

“Hongera, mzee,” Jalia alisema.

Walitoka mkono kwa mkono, Jairus akimwongoza mkewe kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Karibu na mlango wa jengo akapunguza mwendo. Aliuachia mkono wa Metrine, akajipapasa mfukoni, akatoa bunda la noti zilizokunjamana.

“Nisubiri hapa dakika moja, Mama Rogers,” alisema, akiiendea mashine ya malipo iliyokuwa ukutani. “Mwezi huu bado hatujalipa stima.”

“Eeh, Baba Rogers, tulipe,” Metrine alisema, akazichukua zile noti, akawa anazinyoosha moja moja kwenye kiganja na kumpa, ili mashine isizikatae.