Ugonjwa wa Mama
"Ukitaja huo ugonjwa mbele ya wageni, wewe si dada yangu tena!" kaka yake Jawahir alifoka, akivaa kanzu chumbani, pale Lindi. Leo binti wa kaka huyo alikuwa anaposwa.

"Daktari alisema ni jeni ya kurithi, inajaza ubongo protini mbovu," Jawahir alisema. " Mama alianza kusahau akiwa na umri wako. Binti yako ana haki ya kujua."

"Rudi kwako Nairobi, huko Kawangware, na uchawi wako!"

Vidole vya kaka vilishika kifungo cha kanzu, vikalikosa tundu, vikajaribu tena, kisha vikabaki vimeduwaa shingoni.

Jawahir akaviona. "Umeanza lini, kaka?" Akanyoosha mkono amfungie.

Kofi likatua shavuni.

Nje, wageni wakapiga hodi. Kaka bado alihangaika na kifungo; Jawahir ndiye aliyekwenda kufungua.