Upande wa Pili wa Meza

Kwa mara ya tatu Wegesa aliomba kitabu chekundu, na kwa mara ya tatu Gasto alimpa cha kilimo cha pamba.

"Pamba nimelima kabla hujazaliwa, mwalimu," alisema Wegesa. "Aliyeandika hiki hajawahi hata kuchubuka vidole akiichuma. Nipe kile kinene."

Wanakisomo walicheka. Gasto hakucheka. Alikuwa ameletwa Busawe kutoka Ngara kufundisha watu wazima wa kijiji kipya, na aliamini mambo yaliyothibitishwa tu. Kando ya meza yake kulikuwa na sanduku la mbao lenye riwaya nane, kile chekundu kikiwemo, na juu ya sanduku waraka wa wilaya. Riwaya ziazimwe na waliofaulu hatua ya nne. Kijiji kisichokuwa na mtu wa hatua hiyo hadi mwisho wa Agosti, sanduku lake lirudi Mugumu, makao ya wilaya.

Busawe hapakuwa na mtu wa hatua ya nne. Wegesa hakuwa amefaulu hata ya kwanza.

Sababu ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Akipewa kitabu asome, Wegesa alikishika kichwa chini, miguu juu. Gasto alimgeuzia, taratibu, kwa kuwa alikuwa na umri wa mama yake mzazi. Hapo Wegesa alikikodolea macho, akafunga mdomo, akakirudisha mezani.

"Umeniharibia," alimwambia siku moja.

"Nimekusaidia, mama."

"Basi usinisaidie."

Gasto alifungua daftari la maendeleo mbele yake, akaandika: *Wegesa, hajui herufi.* Wino haujakauka, Wegesa, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya meza, akaugonga mstari uleule kwa kidole.

"Futa hilo. Ni uongo."

Gasto alimgeukia Mokami, jirani yake Wegesa, ambaye alikuwa hatua ya pili na alisoma kila kilichopita karibu na pua yake.

"Mokami, ya daftari si ya kunong'onezana."

"Mimi? Nimekaa huku nyuma na mtoto mgongoni, nitanong'ona na nani?"

"Haya, mama," Gasto alimwambia Wegesa. "Nani alikufundisha kusoma?"

"Sikufundishwa. Marehemu mume wangu, Benedicto, alikuwa katekista. Kila mchana tukishakula alifungua kitabu, akasoma kwa sauti, kidole kinafuata maneno. Mimi nimekaa mbele yake napepeta ulezi. Miaka tisa. Alipokufa, mchwa wakala vitabu, nikaacha. Sasa nimerudi, na sikurudi kwa ajili ya pamba. Nataka kitabu chenye watu ndani, wanaodanganyana, wanaopendana, wanaokosa wakajuta."

"Kusikia si kusoma, mama."

"Na wewe kukaa kwenye kiti hicho si kujua."

Mokami alicheka mpaka mtoto akaamka. Gasto alifunga daftari. Mstari haukufutwa.

Tarehe ishirini na tisa Agosti, saa nne asubuhi, Landrover ya wilaya ilisimama nje ya darasa. Aliyeshuka alikuwa Ndugu Kokushubira, msimamizi wa kisomo, mwanamke mrefu mwenye haraka. Alipitia daftari, akatikisa kichwa, akamwambia dereva abebe sanduku.

Dereva alirudi mikono mitupu.

"Kuna mama amelikalia."

Walimkuta Wegesa ameketi juu ya kifuniko, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu yake zahanati.

"Shikamoo, mama," alisema Kokushubira.

"Marahaba. Mtalibeba na mimi juu yake. Na huko Mugumu nitashuka nalo."

Kokushubira aliuliza, "Nikikupa ukurasa mmoja, utausoma?"

"Nipe mbili."

"Ukisoma, sanduku linabaki. Usiposoma, unainuka mwenyewe, hatuvutani."

"Nimekubali."

Gasto alikohoa. "Ndugu, angalizo moja. Marehemu mumewe alimsomea miaka tisa. Huenda kuna kurasa alizozikariri."

Lilikuwa angalizo la haki, na Kokushubira alilikubali. Alichagua kitabu chekundu chenyewe, kilichopigwa chapa mwaka uleule, kurasa zake bado zimeshikana kwa upya. Akaketi mezani kwenye kiti cha Gasto, akamwonyesha Wegesa benchi la mbele yake, akakifungua katikati. Akainama kuupitia ukurasa kwanza, ahakikishe si mgumu mno kwa mtu wa kijijini.

Hakufika mstari wa pili.

"'Mwanamke yule hakuomba radhi,'" alisoma Wegesa. "'Alichukua ufunguo wake, akatoka kwa mlango wa mbele, majirani wote wakimtazama...'"

Alianza polepole, kama mtu anayepita njia iliyoota majani. Kisha njia ikamfungukia. Penye mkato alipumua, penye nukta alisimama, na mwanamke wa kitabuni alipojibu mashemeji zake, sauti ya Wegesa ilipanda. Mokami aliacha kumbembeleza mtoto. Gasto alizunguka meza, akasimama nyuma ya Kokushubira, akafuatisha mstari kwa mstari akitafuta kosa. Hakuna neno lililorukwa.

Ukurasa ulipokaribia kwisha, Kokushubira alikumbuka adabu. Kitabu kilikuwa kimemwelekea yeye tangu mwanzo. Akakizungusha juu ya meza, akakisogeza, ili mama asome vizuri.

Wegesa alinyamaza ghafla. Akaweka kiganja juu ya ukurasa, akakizungusha kitabu kikamwelekea Kokushubira tena.

"Usinigeuzie, mwanangu," alisema. "Hivyo ndivyo mwalimu anavyoniharibia."